Ukuta Wako Umefunguliwa, Mjomba

Morogoro,
24 Aprili 1911.

Mpendwa Mjomba Andrea,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo, Mjomba. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mombasa, na kwamba lile goti lako la kulia limepata nafuu kwa joto la pwani. Kama bado linakusumbua, usione haya kupanda ngazi polepole, kuta hazikimbii. Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Masika yameanza vizuri, mto umejaa maji mekundu, na mume wangu Fransisko ameshapanda kabichi kwenye kile kipande cha juu. Dada Rosa amejifungua salama mtoto wa kike. Wamempa jina la Modesta, ingawa kwa kelele zake jina hilo halimfai hata kidogo.

Najua huna haja ya kabichi. Basi nikutoe wasiwasi kabla hujaenda mbele: hakuna kesi. Hutafutwi na mtu. Ule ujumbe niliokupelekea mwezi wa tatu kwa kinywa cha Salum muuza nguo, kwamba usikanyage Morogoro kwa sababu yoyote ile, leo naufuta kwa mkono wangu mwenyewe. Rudi nyumbani, Mjomba. Nimeandika maneno hayo na machozi yananitoka, lakini safari hii ni ya furaha.

Salum hakuweza kukueleza sababu kwa kuwa nami sikumweleza. Niliogopa maneno yasije yakasikika njiani. Najua umekaa wiki nyingi ukijiuliza umemkosea nani. Hukumkosea mtu. Kaa chini nikusimulie.

Yote yalianza na tetemeko. Jumanne moja ya Desemba, baada ya chakula cha mchana, ardhi ilitikisika. Mimi nilikuwa nje nachambua mchicha. Vyungu vikaanza kugongana vyenyewe jikoni, kuku wakarukia juu ya paa, na Fransisko, aliyekuwa amejinyoosha kidogo, akatoka mbio na shuka tu mpaka barabarani. Hataki nikumbushe, ndiyo maana nakuandikia wewe. Hapa kwetu hakufa mtu. Nyumba zetu za miti na udongo zilimwaga vumbi zikatulia. Nyumba za matofali ndizo zilizopata nyufa.

Hapo serikali ikaanza kuogopea majengo yake. Mwezi wa pili akaja Bwana mmoja Mdachi kutoka Dar es Salaam, mwembamba, mwenye miwani, kazi yake kukagua nyumba zote za serikali zilizojengwa kabla ya reli, zile fupifupi za zamani. Alitaka kujua ni ipi itakayosimama tetemeko jingine likija, na ipi itakayowaangukia watu vichwani. Nakwambia, Mjomba, kama angekuwa Mluguru ungempenda. Alishusha kamba ya timazi kwenye kila pembe aone kama imesimama wima. Alipima unene wa kuta. Aligonga kwa nyundo ndogo huku ametega sikio, kama mwanamke anayechagua chungu sokoni. Na kwenye kila ufa akabandika kipande chembamba cha kioo kwa chokaa. Watu wakasema ni dawa ya Kizungu ya kufukuza matetemeko, wengine wakaanza kwenda kujitazama. Kumbe maana yake ni nyepesi tu: ufa ukizidi kupanuka, kioo kinavunjika. Nyumba iliyomridhisha aliipiga alama nyeupe mlangoni, isiyofaa alama nyekundu.

Kwenye ile shule ya zamani, kazi yako, alikaa siku tatu. Haikumwelea. Ukuta una nyufa, lakini hakuna tofali lililotoka mahali pake, na pembe zote nne zimeshikana. Akauliza mafundi walioijenga wako wapi. Akaambiwa wengi wameshakufa, mkuu wao Andrea yuko Mombasa, aliyebaki ni Kibwana. Akaitwa Kibwana. Na hapo, Mjomba, ndipo tulipojichongea wenyewe.

Unamjua Kibwana. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu, na utani anaushika kuliko futari. Siku tuliyomzika Babu si alilala ndani ya kaburi akasema hatoki mpaka apewe jogoo? Basi mtu wa namna hiyo, ukimtajia jina la mtani wake mbele ya watu, unategemea nini? Kumsifu hawezi. Kumsifu mtani hadharani ni aibu ambayo watu wangemsimanga nayo mpaka uzeeni. Akashika kiuno, akapaza sauti kama yuko ngomani.

“Andrea? Yule mwizi? Chokaa yote ya serikali aliinywea pombe! Na kupanga tofali hajui, ndiyo maana akaficha miti humo ndani ya ukuta, kama banda la mbuzi la mama yake kule Kinole!”

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi mwenyewe nilikuwapo na kikapu changu cha mboga, nami nikacheka, Mungu anisamehe. Aliyekuwa hacheki ni Bwana peke yake. Kiswahili anakijua, tena anakisema kuliko baadhi ya makarani, lakini utani hakuna aliyemfundisha. Alitoa daftari, akalamba kalamu, akaandika yote. Akamuuliza Kibwana ile miti iliwekwa kwa ruhusa ya nani. Kibwana, kwa kuwa kicheko kilikuwa bado kimempanda, akajibu kwamba iliwekwa msimamizi akiwa usingizini.

Na hilo, Mjomba, lilikuwa kweli. Wewe unajua na mimi najua kwamba msimamizi wa wakati ule alikataza mti wowote kuingia ukutani, akisema utaliwa na mchwa na nyumba itabaki na uwazi ndani.

Siku ileile shule ikafungwa, watoto wakahamishiwa kwenye banda la nyasi. Kesho yake amri ikasomwa bomani. Fundi Andrea akionekana akamatwe, apigwe viboko hamsa wa ishirini, kisha atiwe mnyororoni miezi sita kwa wizi wa chokaa na kwa kuvunja amri. Nilikuwa nimesimama pale. Nikajikuta nimekaa juu ya mboga zangu. Ulikuwa umesema unarudi kwa Pasaka. Nikakimbia kumtafuta Salum, ambaye alikuwa anapanda gari la moshi mchana uleule.

Kibwana naye akazinduka. Alikwenda bomani kujirudi, akamwambia Bwana kwamba yale yalikuwa mzaha tu. Bwana akamuuliza swali moja: umesema uongo jana au unasema uongo leo? Jibu likamshinda, kwa sababu habari ya chokaa ilikuwa mzaha na habari ya miti ilikuwa kweli, na angewezaje kuzitenganisha wakati alizitoa kinywani kwa pamoja? Akaja kwangu, akakaa kwenye kinu kilicholala, kofia mkononi. Nikampa uji, akaukataa. Tangu nizaliwe sijamwona mtani wetu akikataa uji wa nyumba hii.

“Nimemuua ndugu yangu kwa mdomo,” akasema. “Kiboko hicho wangenipiga mimi.”

Sasa nitakuandikia jambo ninaloliona aibu, lakini nikilificha barua hii itakuwa ya uongo. Habari ya miti sikuwa na shaka nayo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nabeba maji ya kulowesha matofali, na ni mimi uliyeniweka mlangoni nikuimbie wimbo wa kanisani kama msimamizi akiamka. Niliona kwa macho yangu ukiilaza ile miti ya mkongo juu ya madirisha, ukiizungusha nyumba nzima kama mshipi, ukiifunika kwa matofali. Lakini chokaa, Mjomba? Mwaka ule ndio uliofiwa na mkeo. Ulikuwa unakunywa. Wapagazi walikuwa wanaleta chokaa kutoka pwani vichwani, ilikuwa adimu kama chumvi ya mezani, na kila mtu mjini alikuwa anaitaka. Nikajiuliza moyoni: je, kama mzaha wa Kibwana umegonga palipo na ukweli bila yeye kujua? Nilikutilia shaka wiki tatu nzima. Wewe uliyelipa madeni ya aibu ya baba yangu na kunipeleka kwa masista nikajifunza kalamu hii ninayoandikia. Nisamehe.

Shaka iliponizidi, nilipanda Kinole kwa Bibi. Mama yako amekonda, sitakuficha, lakini ulimi wake haujakonda. Nilimkuta anaanika mdalasini. Nilimweleza kila kitu, nikamuuliza kama ile miti inaweza kuwa bado nzima baada ya miaka kumi na mmoja ndani ya ukuta. Alinitazama kama niliyemuuliza kama anajua kupika ugali.

“Chokaa siijui mimi,” akasema. “Miti naijua. Masika mazima ilikaa uchagani kwangu juu ya moto, ikila moshi, na mimi nakohoa kwa ajili yake. Mti uliokula moshi mchwa haugusi. Kama wameula ule, basi na mimi wameshanila.”

Nikarudi mjini nikiwa nimeamua. Nitakwenda kwa Bwana, nitamwonyesha miti ilipo, aufungue ukuta aone mwenyewe. Fransisko akanishika mkono. Alisema nampeleka mjomba wangu machinjioni kwa miguu yangu, maana ikikutwa imeoza, ushahidi uliokuwa haupo utakuwa umetolewa na damu yako mwenyewe. Alisema kweli, na nilijua ni kweli. Lakini nikiacha, wewe ungebaki ugenini mpaka lini? Bibi hana tena miaka ya kuhesabu. Kifungo cha miezi sita kina mwisho, ila kufa kwa mama bila kuonana na mwanawe hakuna mwisho. Nikaenda.

Bwana alinisikiliza bila kuniangalia. Akasema Alhamisi baada ya Pasaka, asubuhi, niwepo. Jumapili ya Pasaka niliimba Aleluya nikiwa sijui ninachoimba.

Alhamisi watu walijaa kama siku ya gulio. Nilionyesha mahali: juu ya dirisha la pili upande wa mlimani, shubiri tatu kutoka kwenye kizingiti cha juu. Kibwana ndiye aliyepewa nyundo na patasi. Tofali la kwanza likagoma. Bwana akaokota kipande cha chokaa kilichodondoka, akakisugua kwa kidole gumba, akakigonga kwa ufunguo, akakitia mfukoni. Tofali la pili likatoka, na nyuma yake, Mjomba, ukamwagika udongo wa mchwa.

Ulimwagika mwekundu, mlaini, kama unga unaotoka kwenye gunia lililotoboka. Watu wakasema aah. Kibwana akaweka nyundo chini. Nilichofikiri ni kwamba nimekumaliza mimi, si Kibwana wala Mdachi.

Lakini Bwana yule, Mungu amweke, si mtu wa kuridhika na anachokiona kwanza. Alipangusa ule udongo kwa mkono wake mtupu. Mchwa walikuwa wamejenga njia yao juu ya mti, wakapita wakaenda zao. Mti wenyewe ulikuwa pale chini, mweusi kwa moshi. Akaugonga kwa nyundo ukalia ngo, ngo, kama mchi mkavu. Akatoa kisu akauchoma kwa nguvu, na ncha ya kisu ikakatika. Akakitazama kile kisu. Kisha akacheka, Mjomba! Sikujua kama meno anayo.

Baada ya hapo akawa kama mtu aliyepata mtoto. Aliagiza pembe zote nne zitobolewe kidogo, akakuta miti imeumanishwa kama ulivyoiumanisha, haijalegea. Halafu akawaonyesha makarani wake jambo ambalo sisi sote tulilipita mchana kutwa bila kuliona. Ule ufa mkubwa unaanzia kwenye pembe ya dirisha, unapanda kwa mshazari, na pale unapoufikia mti unakoma. Juu ya mti ukuta hauna hata ufa wa unywele. Na vile vioo alivyovibandika mwezi wa pili, hapo shuleni hakuna hata kimoja kilichovunjika. Kwenye ghala lililojengwa na wengine baada yako, tofali tupu bila mshipi wowote, vioo vitano vimepasuka na pembe zimeanza kuachana. Ghala limepigwa nyekundu. Shule yako ina alama nyeupe mlangoni, kubwa kama sahani. Nimeipitia mara nne kuitazama.

Ikabaki habari ya chokaa. Bwana akamgeukia Kibwana, akatoa kile kipande mfukoni. Akasema fundi aliyeiba chokaa hajengi kwa chokaa ngumu namna hii. Kwa nini alimsingizia? Kibwana alisimama wima, kofia mkononi, akajibu kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake.

“Bwana, yule ni mtani wangu. Ningemsifu, ningekuwa nimemtukana.”

Bwana akatutazama wote, mmoja mmoja. Akamuuliza askari wake, Mnyamwezi mmoja mwenye kovu shavuni, kama jambo hilo lipo. Askari akapiga saluti akasema lipo, Bwana, na kwamba Waluguru hawa wote unaowaona ni watani zake na wote ni wezi wa kuku. Watu wakaangua kicheko. Bwana akavua miwani akaifuta muda mrefu. Kisha akafungua daftari, akapiga mstari mrefu juu ya yale aliyoyaandika mwezi wa tatu. Niliona kwa macho yangu kalamu ikipita juu ya jina lako.

Jumamosi amri mpya ilisomwa palepale iliposomwa ile ya kwanza. Shtaka la wizi limefutwa. La kuvunja amri ya msimamizi limesamehewa, kwa sababu bila huko kuvunja shule isingesimama. Tena Bwana anataka ukija uwaonyeshe mafundi wake namna ya kuitia miti kwenye zile nyumba zilizobaki. Hilo utaamua mwenyewe. Mimi nisingependa utumwe tena na mtu wa kulala mchana, lakini huyu naona halali. Aliniuliza umejifunza wapi kazi ile. Nikamwambia kwa mama yako, anayesuka fito za nyumba kabla ya kuzikandika udongo. Akaandika na hilo.

Sasa hebu nikuulize yako kidogo. Ni kweli alivyosema Salum kwamba umeanza kuvaa kanzu na kula wali kila siku? Kama kuna mwanamke wa Mombasa anayekupikia huo wali, mlete tumwone. Kama hayupo, Paskalia wa kule kwa masista bado hajaolewa na anakuulizia kila Jumapili kwa sauti ya mtu asiyejali. Na uje na kamba ya timazi iliyo nzuri, Kibwana anasema za huku zinaoza.

Fransisko anakusalimu sana, na Rosa na mwanawe mwenye kelele, na Agnes, na Yohana ambaye sasa ana ndevu tatu anazozipaka mafuta. Kibwana anakusalimu pia. Amesema nikuandikie kwamba wewe ni mwizi na mlevi na hujui kupanga tofali. Alipomaliza kunitajia maneno hayo aligeukia ukutani akalia, na nimemwacha alie, kwani kilio hicho ni chake.

La mwisho ni hili. Jana baada ya misa tulimwona Bibi anateremka na fimbo yake. Ametembea kutoka Kinole siku mbili, kwa mvua, na hakumwambia mtu. Hakutaka kukaa wala kula. Nilimpeleka shuleni. Nikampandisha kwenye benchi, akaingiza mkono kwenye lile tundu mpaka kiwikoni, akaushika ule mti, akakaa hivyo mpaka watu wakaanza kusimama kumtazama. Kibwana alikuwa ametumwa kuliziba leo. Bibi akasema hapana, ukuta huzibwa na aliyeujenga. Nimemwomba Bwana, naye amekubali tundu libaki wazi mpaka mvua ziishe. Nimelifunika kwa mkeka. Bibi amekataa kurudi mlimani. Anasema atakungoja hapa, na asubuhi hii ameshakwenda kukaa chini ya lile dirisha, kwenye unyevu, na shuka yake begani. Nimejaribu kumtoa nikashindwa. Atakayeweza ni wewe tu, Mjomba. Panda meli ya kwanza.

Mungu akufunike na akulete kwa amani, na Mama Maria ashike goti lako ngazini.

Ni mimi mpwa wako akupendaye, niliyekutilia shaka na sasa nakungoja stesheni,

Scholastika